Acheni Kuisingizia Mila

Kaa kwenye semina yoyote ya ujasiriamali Kahama, Geita au Shinyanga mjini, na kabla ya chai ya saa nne utakuwa umeisikia: Msukuma hawezi kuendelea kibiashara mpaka aachane na mila zake. Mwezeshaji atataja ng'ombe wasiouzwa, ngoma zinazomaliza msimu, mahari na waganga. Washiriki wataitikia kwa vichwa, wakiwemo waliouza ng'ombe hao hao wa ukoo wakanunua karasha la kusagia mawe. Kauli hii imerudiwa mno majukwaani na redioni hata haidaiwi ushahidi tena. Ni ya uongo, na ina madhara. Biashara ya ukanda huu ilijengwa juu ya mila, na pale ilipong'olewa kwenye mila ndipo tulipoanza kuzika watu.

Anayeamini kwamba biashara kubwa ililetwa bara na wageni aanze na jembe. Warongo wa upande wa Geita waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyokwenda Usukuma na Unyamwezi kubadilishwa kwa mifugo. Jembe lilikuwa chombo cha kazi, lilikuwa fedha, na lilitolewa mahari. Anayesema mahari ni adui wa biashara ajue kwamba mahari ilikuwa soko la uhakika la mhunzi.

Kisha aje kwenye misafara. Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma na Wasumbwa walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu kabla wafanyabiashara wa pwani hawajazoea kupanda bara. Kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa bado mtoto. Kubeba mzigo wa kilo 30 hivi kwa miezi kadhaa ndiko kulikompa heshima na mtaji wa kuoa. Msiri, aliyekwenda kutawala Katanga na kuishika biashara ya shaba mpaka alipouawa mwaka 1891, asili yake ni Wasumbwa, watu ambao leo utawakuta Bukombe, Mbogwe na Kahama. Misafara ile ile ilipeleka pia watumwa, na sitaki kuipamba. Ninachosema ni kwamba wenyeji hawakuifuata biashara ile kwa nyuma kama vibarua. Wasafiri Wazungu, Burton na Speke mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, walisafiri kwa taratibu walizozikuta: mwendo wa siku, mahali pa kulala, posho, hata haki ya mpagazi kuweka mzigo chini na kugoma. Mwanahistoria Stephen Rockel aliandika kitabu kizima kuhusu wapagazi hawa mwaka 2006, na hoja yake kubwa ni hiyo: utamaduni wao wa kazi ndio ulioitawala barabara, na mgeni akaufuata.

Barabara hiyo ilikuwa na bima yake, nayo ni utani. Mnyamwezi akipita Ugogo, Uzigua au Uzaramo alikuwa na watani. Akiishiwa chakula alichukua kwa mtani wake bila kuitwa mwizi. Akifa njiani, mtani ndiye aliyesimamia maziko yake, huku akitania na kudai chake kama ada inavyotaka. Hebu fikiria kuendesha biashara ya mamia ya kilomita, bila polisi wala benki, kwenye nchi za watu ambao juzi mlipigana nao. Nani atakulinda? Waliojibu swali hilo kwa kugeuza uadui kuwa masihara yenye wajibu walikuwa wafanyabiashara hodari. Leo tunautumia utani kuchangamsha misiba na harusi, tumesahau kwamba uliwahi kupitisha meno ya tembo.

Pamba nayo ni hivyo hivyo. Kila kijiji cha Usukuma kilikuwa na chama cha vijana cha kulima kwa zamu, chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Aliyechelewa alitozwa faini, mwenye shamba alilipa kwa chakula, pombe au mnyama, na kazi ilikwenda kwa wimbo na jembe la kurushwa hewani. Ngoma hiyo inayotajwa kwenye semina kwamba inapoteza muda ndiyo iliyokuwa ikilima. Wakulima walipochoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi wa pamba, walikuwa tayari watu waliozoea kukaa pamoja, kuchagua mkubwa na kumwajibisha. Paul Bomani, aliyewaongoza kuunda ushirika, hakuwafundisha umoja, aliukuta. Mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, VFCU, uliokuja kuwa mmojawapo wa mashirika makubwa ya Waafrika barani, wenye vinu vyake vya kuchambulia pamba. Mwaka 1976 Serikali iliufuta ushirika nchi nzima kwa amri. Aliyeua biashara ile hakuwa mzee wa mila.

Kuhusu ng'ombe nitasema machache. Mfugaji aliyegawa mifugo yake kwa ndugu na rafiki wa vijiji tofauti alikuwa akikwepa hasara ya ugonjwa na wizi kwa siku moja, na kila mwenye fedha leo anashauriwa asiweke zote mahali pamoja. Na ngitili, yale maeneo ya malisho yanayofungwa wakati wa masika ili nyasi ziwepo kiangazi, yalikufa kwa sehemu kubwa watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Shinyanga ikakaribia kuwa jangwa. Mradi wa hifadhi ya ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 ulirudi kwenye ngitili ile ile ya mababu, na zaidi ya hekta 300,000 zikafufuka. Leo kutoka humo watu wanauza nguzo, kuni, asali na nyasi za kuezekea.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera kuliko yote. Kuanzia mwaka 2007 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa Kanda ya Ziwa, wakakatwa viungo ili mtu apate dhahabu au samaki. Tangu hapo kila hotuba inasema ni "imani potofu za mila". Mila ipi? Ya mzee gani, ya ukoo upi? Watafiti Bryceson, Jønsson na Sherrington, walipoandika juu ya mauaji haya mwaka 2010, waliyahusisha na kambi za wachimbaji wa dhahabu na soko la dawa za bahati lililoota humo. Kambi hizo zilijaa kwa rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu, baada ya biashara ya madini kufunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1980: wageni watupu, hakuna anayejua baba wa mwenziwe, jana tajiri leo huna nauli. Kiungo cha binadamu kilichopangiwa bei ni bidhaa. Kina muuzaji, dalali na mteja mwenye fedha, na aghalabu mteja huyo ndiye asiyefikishwa mahakamani. Ukikiita mila unamfichia mteja huyo jina. Yapo maovu ya kwetu wenyewe, na kuwaua bibi zetu kwa kuwadhania wachawi kwa sababu ya macho mekundu ni aibu ambayo hakuna wa kumtupia. Lakini hili la viungo ni biashara iliyokosa mila ya kuizuia.

Nenda Nyarugusu au Rwamgasa, huko Geita, siku ya mgao uone mila ikifanya kazi yake. Mawe yaliyotoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, yamo ndani ya viroba, vimepangwa mstari mbele ya kila mtu. Vinahesabiwa kwa sauti: hivi vya mwenye leseni, hivi vya mwenye duara aliyewalisha watu na kununua matimba, magogo ya kushikilia shimo, miezi yote ya kuchimba bila kuona kitu, hivi vya wachimbaji. Viwango vilikubaliwa kwa mdomo kabla ya sururu ya kwanza, na mashahidi wapo. Hakuna ajuaye kiroba kipi kina dhahabu, kwa hiyo bahati nayo imegawanywa. Wapo wenye maduara wanaodhulumu, na mama anayeokota mabaki pembeni hupata kidogo mno. Hata hivyo dhuluma hiyo inaonekana na inasemwa papo hapo.

Linganisha na biashara tunayoambiwa ndiyo ya kisasa. Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wa madini, nje ya nchi, na makontena 277 yakashikiliwa Dar es Salaam. Kamati ya Rais ikasema dhahabu iliyomo ni nyingi mno kuliko iliyotangazwa. Acacia, kampuni ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ikakana. Makubaliano ya kumaliza mgogoro huo yalitangazwa Oktoba 2019, Serikali ikachukua asilimia 16 ya hisa za migodi hiyo. Kwa miaka yote hiyo pande mbili zenye wanasheria, maabara na mahesabu hazikukubaliana kilichokuwa ndani ya makontena. Wachimbaji wa Nyarugusu wanagawana mbele ya macho ya kila mwenye haki, na bado ndio wanaoitwa darasani kufundishwa namna ya kufanya biashara.

Kwa hiyo nina maombi. Tume ya Madini na halmashauri zetu ziutambue mgao wa mdomo kama mkataba, ziuandike kwa Kiswahili, ziweke nakala kwa mwenyekiti wa kijiji ili mchimbaji aliyedhulumiwa awe na pa kushika. Viongozi waache neno mila wanapozungumzia mauaji ya wenye ualbino, wawatafute walionunua. Na wewe mwezeshaji wa semina ijayo ya Geita, kabla hujawasha projekta, waulize hao uliowakuta ukumbini wanavyogawana viroba, kisha uandike wanachokujibu.