Gofu Serengeti: umekuja na nani?

Wadau, tangu TANAPA waanze mradi wa uwanja wa gofu wa mashimo 18 kule Fort Ikoma, kwetu Mugumu kuna maneno ya aina mbili. Wapo wanaohesabu ajira: kedi, wakata nyasi, madereva, wapishi. Wapo pia wanaocheka tu: Mkurya na gofu wapi na wapi? Mimi nina swali la tatu. Siku mwalimu wa sekondari, nesi, karani wa halmashauri au kijana wa duka la simu atakapotaka kucheza, sio kubeba begi la mtu, kucheza, atacheza na nani?

Msiniambie tatizo ni hela tu. Hela ni tatizo, sikatai. Lakini fimbo za mitumba zipo na za kuazima zipo. Sheria inasema usizidishe fimbo 14, haisemi lazima ufikishe 14. Anayeanza zinamtosha tano au sita. Hela unaweza kuidunduliza. Mtu wa kucheza naye hadunduliziki.

Nieleze kidogo kwa wasiofuatilia. Uzuri wa gofu ni kitu kinaitwa handikapu. Tangu 2020 kuna mfumo mmoja wa kimataifa, na handikapu inaweza kufika mpaka 54. Maana yake hata yule anayepiga nyasi kuliko mpira anapewa namba yake, na kwa namba hiyo anaweza kushindana na fundi na akamshinda kihalali. Kwenye soka huwezi kumwambia Simba aanze na bao tatu nyuma kwa sababu anacheza na timu ya mtaani. Kwenye gofu hiyo ndiyo kawaida.

Sasa sikilizeni kasheshe yenyewe. Ili upate handikapu unatakiwa kurudisha kadi za jumla ya mashimo 54. Na kadi ya mtu aliyecheza peke yake haihesabiki. Lazima uwe na angalau mwenzako mmoja, na kadi isainiwe na aliyekuwa anakuhesabia. Kwa hiyo huna mwenzako, huna kadi. Huna kadi, huna handikapu. Huna handikapu, mashindano mengi ya klabu huingii. Na usipoingia mashindano, hao wenzako utawapatia wapi?

Hapo ndipo klabu inapotakiwa kumfungulia mgeni mlango, na hapo ndipo nyingi zinaposinzia. Klabu za gofu ukanda huu tumerithi kwa Waingereza. Royal Nairobi ni ya 1906, na gymkhana zetu za Dar, Arusha na Morogoro ni za ukoo huohuo. Zilijengwa kwa ajili ya watu waliokuwa tayari wanafahamiana, wa ofisi moja na meza moja ya chakula. Ndiyo maana mpaka leo klabu nyingi za aina hiyo zinataka wanachama wawili wakupendekeze kabla hujapewa fomu. Sasa kama hujui mtu?

Niliwahi kwenda klabu moja, mji siutaji. Dada wa mapokezi alikuwa mpole kabisa, na swali lake la kwanza lilikuwa: umekuja na nani? Nikamjibu, peke yangu. Maongezi yakafia hapo. Hakuna aliyenifukuza, ila hakuna aliyejua anipeleke wapi. Wanne wanne walikuwa wameshapangana tangu Jumatano kwa simu.

Linganisheni na uwanja wa mchangani wa Mugumu. Ukifika jioni na viatu mkononi hakuna anayekuuliza umekuja na nani. Wanakuuliza: unacheza namba ngapi? Kwenye pool ni hivyohivyo, unaweka jina, mshindi anabaki, zamu yako inafika. Bao nalo unakaa, unatazama, akiinuka mmoja unaingia. Michezo yetu ina mlango wa mtu mmoja. Gofu inao pia, sema watu wa klabu wameuwekea kabati.

Najua wazoefu watasema mgeni anachelewesha. Ni kweli, kundi moja likikwama, yote ya nyuma yanakwama. Ila dawa ipo siku nyingi. Mwaka 1932 Mwingereza Frank Stableford alileta mashindano ya pointi. Shimo likikushinda unaokota mpira wako, unaandika sifuri, mnasonga. Upo mchezo wa timu ambao wote mnapiga, mnachagua mpira uliokaa vizuri, wote mnapiga tena kutoka hapo. Mgeni anafaidi na hacheleweshi mtu. Na tangu 2019 muda wa kutafuta mpira umeshuka kutoka dakika tano hadi tatu. Kwa hiyo tusimsingizie mgeni.

Ninachoomba Fort Ikoma ni vitu vitatu, na havihitaji mfadhili. Kwanza, siku moja kila wiki iwe ya waliokuja peke yao, makundi yapangwe kwa kura. Pili, mkazi wa Serengeti asidaiwe wapendekezaji. Tatu, kedi wapewe siku yao ya kucheza. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianza kwa kubeba mabegi, na kedi mwenye fimbo yake mkononi ndiye mwenzako wa kwanza wa uhakika. Anaujua uwanja na anazijua sheria.

Sio ndoto. Skukuza, ndani ya hifadhi ya Kruger kule Afrika Kusini, kuna uwanja wa mashimo 9 usio na uzio, wanyama wanakatiza. Ulianzishwa 1972 kwa ajili ya wafanyakazi wa hifadhi, wageni wakaja baadaye. Walianza na wenyeji.

Hili kwangu ni zito kwa sababu vijiji vinavyopakana na hifadhi vinajua tembo akiingia shambani usiku anaacha nini. Hasara ya kuishi na hifadhi ni ya wenyeji. Kama raha ya uwanja itakuwa ya mtalii anayeshuka na marafiki zake watatu na kuondoka kesho yake, basi sisi tutabaki na mashine ya kukata nyasi tu. Ajira ni nzuri, naziunga mkono. Lakini mtu anayetumika tu mahali na mtu anayecheza mahali hawaongei na meneja kwa sauti moja.

Na vijana wenzangu, tusisubiri kualikwa. Uingereza kuna vyama vya gofu visivyo na uwanja hata mmoja. Watu wanachanga, wanapanga siku, wanakodi uwanja. Sisi vikoba tunavijua kuliko wao. Watu wanane wa Mugumu wakichanga kila mwezi, seti mbili za mitumba zinapatikana, na mipira ya plastiki inatosha kujifunzia kwenye uwanja wa shule, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Wanane ni makundi mawili kamili. Siku tukifika Fort Ikoma tukaulizwa tumekuja na nani, jibu tutakuwa nalo.

Naomba kutoa hoja.