Karimi na Karima: Jina la Binti na Maana Yake



Wiki hii twajibu suali lililotufikia kutoka Muthara, Tigania Mashariki, katika kaunti ya Meru. Mume ni mtu wa Mombasa na mke ni Mmeru aliyesilimu. Nao watarajia mtoto. Mama yake mke ameomba kwamba akizaliwa binti aitwe Karimi, arithi jina la nyanya yake kama ilivyo desturi ya kwao. Watu wa upande wa mume wasema hilo si jina la Kiislamu. Lirekebishwe liwe Karima. Je, lipi lifuatwe?

Tuanze na maana. Karima ni neno la Kiarabu, nalo ni mwanamke mkarimu, mwenye hadhi. Shina lake ndilo lililotupa sisi neno ukarimu. Karimi ni neno la Kimeru. Latokana na kurima, yaani kulima, na hutajwa kwa mwanamke mwenye bidii ya shamba. Majina haya yamekaribiana kwa sauti tu, hayana nasaba. Basi kumwita Karima si kurekebisha herufi. Ni kuliondoa jina la nyanya na kuweka jingine.

Je, jina likiwa la Kiarabu huwa ndilo la Kiislamu? Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa na binti aitwaye Asiya, na Mtume (s.a.w.) akambadilisha jina akamwita Jamila. Jina lile la kwanza lilikuwa la Kiarabu safi, lakini maana yake ni mwenye kuasi. Nasi twalisikia shina lake katika maneno uasi na maasi. Wala tusilichanganye na Asiya, jina la mke wa Firauni, mwanamke mwema. Katika Kiarabu herufi zake ni nyengine. Kadhalika Mtume (s.a.w.) alilibadilisha jina la Barra, lenye maana ya mwema, likawa Zaynab, ili mtu asijitakase nafsi yake. Kipimo kilikuwa maana, wala hakikuwa lugha.

Tena tutazame Maryam. Ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake katika Qur'ani, na sura nzima, ya 19, yaitwa kwa jina lake. Nalo asili yake si Kiarabu.

Hata majina tuyapendayo pwani yana asili nyepesi kuliko wengi wadhaniavyo. Aisha ni aliye hai, ndugu wa neno letu maisha. Amina ni mwaminifu. Fatima, ambaye huku tumemzoea kwa Fatuma, latokana na kuachisha ziwa. Khadija lahusishwa na mtoto azaliwaye kabla ya miezi kutimia. Hayo ni mambo ya nyumbani, ya uzazi na ulezi, kama kulima kulivyo jambo la shamba. Utukufu wa majina hayo uliletwa na mabibi walioyachukua.

Jina lisilofaa ni lile lenye maana mbaya, au lenye kumfanya mja kuwa mtumwa wa asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Karimi halimo katika hayo. Wala Makena, lenye furaha ndani yake kama Farha; wala Mwendwa, ambalo ni mpendwa, kama Habiba.

Basi, ndugu zetu wa Muthara, mkijaaliwa binti, siku ya saba mchinjieni akika, na mwiteni Karimi bila wasiwasi. Mkipenda kumwongezea jina la Kiarabu, ni hiari yenu. Lakini lisiwekwe kwa kulionea haya lile la kwanza. Qur'ani, katika sura ya Luqman, imeamrisha wazazi wasiokuwa katika dini yetu watendewe wema katika mambo ya dunia. Nyanya huyo ametoa alicho nacho. Kulikataa jina lake bila ya sababu ya sharia ni kuukata udugu mlangoni, kabla mtoto hajaujua.

Mwenyezi Mungu awajaalie kizazi chema. Wabillahi tawfiq.