Kinamasi cha Kamiranzovu na Funzo kwa Simiyu

Ardhi ya nchi ina mali za namna mbili. Ipo ile ambayo ikichimbwa mara moja imekwisha, na ipo ile ambayo ikitunzwa hulisha kizazi baada ya kizazi. Wakoloni waliihesabu ya kwanza tu kuwa ndiyo mali. Matokeo ya hesabu hiyo yanaonekana mpaka leo nchini Rwanda, katika kinamasi cha Kamiranzovu.

Kinamasi hicho kimo ndani ya msitu wa Nyungwe, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, kwenye mwinuko wa meta zipatazo 1,950. Chini ya nyasi na maua yake ya okidi mna mboji iliyojilimbikiza kwa maelfu ya miaka, nayo huinywa mvua ya masika na kuiachia pole pole wakati wa kiangazi. Kwa Kinyarwanda jina lake lina maana ya "kimeza tembo".

Watawala wa Kibelgiji waliutangaza msitu huo kuwa hifadhi mwaka 1933. Lakini katika miaka hiyo hiyo ya 1930 dhahabu ilipatikana humo, na tangazo likabaki katika majalada huku sururu zikiingia porini. Vitanda vya mito vilichimbuliwa, kokoto zikachekechwa, na kwa kuwa mchimbaji naye hula, mitego ya wanyama ikatapakaa. Nyati walikwisha katika miaka ya 1970. Tembo wa mwisho alikufa mwaka 1999.

Katikati ya miaka ya 2000 Nyungwe ikawa hifadhi ya taifa, na mwaka 2023 ikaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mgeni anayekitembelea kinamasi leo huona okidi, ndege na maji. Tembo aliyekipa mahali hapo jina lake hamwoni. Amri ya Serikali yaweza kuizuia sururu, bali haiwezi kumfufua aliyekwisha kufa.

Mwananchi wa Shishiyu, wilayani Maswa, aweza kuuliza: Nyungwe inanihusu nini? Inamhusu sana. Mito ya upande wa mashariki wa msitu huo hatimaye huingia Mto Kagera, na Kagera humwaga maji yake Ziwa Victoria. Ziwa hilo ndilo linaloupokea Mto Simiyu, na ndilo linalotegemewa na mradi mkubwa wa maji wa Mkoa wa Simiyu.

Na dhahabu nasi tunayo. Januari 2024 watu zaidi ya 20 walifariki baada ya kufukiwa na kifusi katika machimbo ya Ng'alita, wilayani Bariadi. Walikuwa watu waliokwenda kutafuta riziki. Kwa hiyo hatusemi uchimbaji ukomeshwe, kwani kumfukuza kijana shimoni bila kumwonyesha pengine pa kufanyia kazi ni kumfundisha kurudi usiku.

Tunachosema ni kwamba mpango utangulie sururu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Meta hizo hazijilindi zenyewe. Zinamhitaji mtumishi anayetoka ofisini kuzipima kabla kibali hakijatiwa sahihi, anayewatengea wachimbaji wadogo maeneo salama, na anayehakikisha kwamba shimo lililokwisha dhahabu linafukiwa. Zinamhitaji pia mwalimu anayewapeleka wanafunzi mtoni, wakajionea kwa macho yao yatokako maji wanayokunywa.

Afisa anayengoja mto ukauke ndipo aandike ripoti hana tofauti na yule mkoloni wa 1933: amri anayo, hifadhi hana. Wajibu wetu ni kutenda sasa, wakati maji bado yapo.