MIJI YA NG'AMBO: SOKO NA MNARA WA KITCHENER

Katika nchi ya Kanada, jimbo la Ontario, upo mji uitwao Kitchener, wenye watu wapatao 257,000 kwa hesabu ya mwaka 2021. Zamani uliitwa Berlin, kwa kuwa wenyeji wake wengi walikuwa wa asili ya Kijerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa jina hilo likawa chukizo, na mwaka 1916 watu walipiga kura wakaliacha. Wakachagua jina la Lord Kitchener, jemadari wa Waingereza aliyekufa baharini mwaka huo huo.

Moyo wa mji ulikuwa barabara ya King. Karibu yake vilisimama viwanda vya ngozi, viatu na samani, na mwaka 1924 likajengwa jumba la baraza la mji lenye mnara wa saa. Nyuma ya jumba hilo palikuwa na soko. Kila Jumamosi wakulima wa vijiji vya jirani, wengi wao wafuasi wa madhehebu ya Mennonite, walileta mayai, siagi, soseji na mboga, nao watu wa mjini wakanunua kwa mwenye shamba mwenyewe, pasipo mchuuzi katikati.

Baada ya Vita Kuu ya Pili motokaa zilizidi. Katika miaka ya 1960 maduka makubwa yalijengwa pembeni mwa mji, yenye viwanja vipana vya kuegesha magari, na wanunuzi wakayafuata. Wakubwa wa mji wakaingiwa na hofu. Wakashauri jumba na soko vivunjwe, na mahali pake yajengwe maduka mengi chini ya paa moja. Wako waliopinga kwa nguvu. Lakini shauri lilipopigiwa kura mwaka 1971, walio wengi walikubali. Mwaka 1973 jumba likabomolewa.

Je, faida ilipatikana? Maduka yalijengwa, na soko likapewa nafasi humo. Lakini biashara haikustawi kama ilivyotazamiwa. Eaton's, kampuni iliyokuwa nguzo ya mpango ule, ilifilisika mwaka 1999. Mji ulijenga jumba jingine la baraza, lililofunguliwa mwaka 1993. Mnara wa saa uliosalimika ulisimamishwa katika bustani ya Victoria mwaka 1995, na mwaka 2004 soko likapata jengo lake lenyewe.

Viwanda vya kale, hata hivyo, vilitendewa kwa busara zaidi. Kiwanda cha ngozi cha Lang, kilichofungwa mwaka 1954, kilikuja kuwa ofisi za makampuni ya kompyuta. Na kile cha viatu cha Kaufman kikageuzwa nyumba za kukaa. Tangu mwaka 2019 treni za umeme hupita katikati ya mji.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kuta za kale zaweza kupewa kazi mpya. Lakini zikisha kuvunjwa, kinachobaki ni mnara bustanini, wa kuwakumbusha watu kile walichokipigia kura wenyewe.