Ughuna na Mrudio wa Mawimbi: Haja ya Kupima Kabla ya Kuainisha

Katika ufundishaji wa fonetiki ya Kiswahili, aghalabu mwanafunzi huelezwa kwamba sauti ghuna hutamkwa nyuzi za sauti zikitetema, na sauti sighuna hutamkwa pasipo mtetemo huo. Maelezo hayo ni sahihi kwa upande wa matamshi. Hata hivyo, hayamsaidii sana mwanafunzi anayetazama picha ya wimbi la sauti iliyorekodiwa, kwani wimbi halionyeshi nyuzi za sauti. Linachoonyesha ni kuwapo au kutokuwapo kwa mrudio.

Kihisabati, wimbi lina mrudio iwapo kuna kipindi maalumu ambacho kila kikipita, umbo lilelile hujirudia bila mabadiliko na bila kikomo. Fasili hii ni kali. Wimbi la mizunguko 2 kwa sekunde likijumlishwa na la mizunguko 3, jumla yake hujirudia kila sekunde 1. Lakini la pili likiwa na mizunguko √2, jumla haijirudii kamwe, kwa sababu uwiano wa 2 na √2 hauwezi kuandikwa kwa sehemu ya namba nzima.

Kwa kipimo hicho, hakuna irabu ya binadamu yenye mrudio kamili. Katika sauti ya mizunguko 125 kwa sekunde, kila mzunguko huchukua takriban milisekunde 8. Lakini mmoja waweza kuwa 7.9 na unaoufuata 8.1. Isitoshe, kiimbo hupanda na kushuka, na hatimaye irabu hukoma. Vikwamizo navyo hutatiza zaidi. Katika jozi *faa* na *vaa*, /f/ ni kelele isiyo na mrudio, /a/ ina mrudio wa kukaribia, ilhali /v/ huchanganya vyote viwili. Kwa hiyo, katika wimbi, mrudio ni suala la kiwango.

Programu ya Praat, iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, imejengwa juu ya msingi huo. Katika mojawapo ya mbinu zake, wimbi hulinganishwa na nakala yake iliyosogezwa kidogo kidogo. Mfanano ukikaribia 1, mrudio ni thabiti. Kizingiti cha kawaida cha ughuna katika mbinu hiyo ni 0.45. Kizingiti hicho kiliwekwa na watunzi, nacho chaweza kubadilishwa. Si kanuni ya fonolojia ya Kiswahili. Vilevile, kikomo cha chini kikiwekwa mizunguko 75 kwa sekunde, irabu ya mwisho wa tamko iliyoshuka hadi 60 yaweza kuhesabiwa kuwa sighuna. Mtafiti anayeinakili hukumu hiyo bila kuihoji huwa ameeleza mpangilio wa mashine, wala hajaeleza lugha.

Wapo wanaoshikilia kwamba hesabu za namna hii ni za wahandisi. Hoja hiyo haina mashiko, maadamu wanaisimu wenyewe hutumia matokeo ya hesabu hizo kama ushahidi. Hapana budi, basi, mwanafunzi wa fonetiki afundishwe kuusoma mrudio katika wimbi lenyewe kabla ya kuifungua programu, na kila tasnifu itaje kizingiti na vikomo vilivyotumika. Bila hivyo, msomaji hawezi kujua kama irabu iliyoitwa sighuna ilikosa ughuna kinywani mwa msemaji au katika mpangilio wa programu.