Pole ya Mdomo Haitoshi

Wasee, mdosi akikuambia "pole sana" halafu mwisho wa mwezi unapata amekukata siku nzima, hiyo ni pole gani?

Mnakumbuka mafuriko ya Aprili 2024 hapa Kitengela? Nilikuwa nauza dukani. Nikapiga simu kusema barabara imejaa maji. Supavaisa hakuuliza kama niko salama. Aliuliza tu, "Sasa utafika saa ngapi?"

Sisemi viongozi wawe laini. Kazi lazima ifanyike. Lakini uliza kwanza mtu yuko aje, kisha badilisha kitu kilicho mikononi mwako: shifti, saa za kuingia, siku ya ofu.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema ukishamaliza miezi miwili kazini, ukiugua na uwe na barua ya daktari, unapata angalau siku 7 za mshahara kamili kwa mwaka. Mdosi akikupa hizo hajakuonea huruma, ni haki yako. Huruma inaanza pale sheria inaishia.

Na wewe uliyepandishwa cheo juzi, hata kama unasimamia watu watatu tu: kumbuka vile ulikuwa unatetemeka ukipiga simu kuomba ruhusa.