Chuo cha Mafunzo si hospitali, jamani!

Najua nimekuwa kimya... mitihani ya muhula imetubana, mara kazi za vikundi, mara maandalizi ya mazoezi ya kufundisha. Leo nimerudi na jambo linalonikera. Someni mpaka mwisho kabla hamjanirukia.

Sisi Wazanzibari tuna kitu kizuri: jela hatuiiti jela. Inaitwa Chuo cha Mafunzo, na anayetumikia kifungo ni mwanafunzi. Maana yake tumeshakubali kuwa mkosaji anafundishika. Mie nasomea ualimu, kwa hivyo jina hilo nalipenda khasa. Lakini mwalimu yeyote wa skuli atakwambia kuwa mtoto anayetetemeka kwa homa humsomeshi. Unampeleka kwa daktari kwanza. Sasa mtu anayesikia sauti zikimwambia kuwa jirani anataka kumuua, utamfundisha kitu gani pale Kiinua Miguu?

Nasema haya kwa sababu juzi barazani, kahawa mkononi, watu walikuwa wanamjadili kijana aliyevunja vioo vya duka. Wote wanajua kuwa anaumwa, mwaka wa ngapi huu, halali, anazungumza peke yake. Hukumu ya baraza: "Atiwe ndani akapate adabu!" Adabu?! Kwani malaria inatibiwa kwa adabu?

Na msiniambie kuwa sheria haijui tofauti. Inajua zamani sana. Mwaka 1843 kule London, Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, akiamini kuwa chama kilichotawala kinamwandama. Mahakama ikamwona hana hatia kwa sababu ya wazimu. Watu wakahamaki, majaji wakaitwa kujieleza, na majibu yao yakaja kuwa mzizi wa vifungu vya wazimu katika sheria za nchi nyingi zilizotawaliwa na Muingereza, sisi tukiwemo. Kwa ufupi: kama maradhi yalimfanya mtu asijue anachokitenda, au asijue kuwa ni kosa, basi hahukumiwi kama mimi na wewe.

Tatizo liko wapi? Sheria inamhesabu kila mtu kuwa ni mzima wa akili mpaka ithibitishwe vyengine, na mzigo wa kuthibitisha anabeba mshitakiwa mwenyewe. Hebu fikirini hilo. Mtu ambaye hajui leo siku gani ndiye atakiwe kuleta ushahidi kuwa hana akili timamu! Bara, sheria ya mwenendo wa jinai inampa daktari wa hospitali ya akili siku 42 kupeleka ripoti mahakamani, na Dodoma kuna Isanga kwa ajili ya watu wa aina hii. Vizuri. Lakini hesabu ya siku haianzi mpaka atokee mtu wa kusema "mheshimiwa, huyu anaumwa." Kesi ya mauaji ina mawakili, mtu ataona. Kesi ya vioo inaweza kwisha asubuhi moja. Nani atamtazama usoni?

Hapo ndipo inapoingia saikolojia ya jinai, ile inayofanya kazi na polisi, mahakama na magereza. Si ya kwenye sinema, ya kusaka wauaji. Kazi yake ni kupima: huyu anaelewa mashitaka? Alikuwa na hali gani siku ile? Kuna hatari gani akirudi mtaani?

Najua mtanijibu: "Aah, basi kila mwizi atajifanya kichaa!" Kwanza, ndiyo maana anatakiwa mtaalamu wa kupima, si baraza. Pili, mnadhani ni njia ya mkato? M'Naghten hakurudi nyumbani. Alifungiwa hospitalini zaidi ya miaka 20 mpaka akafa mwaka 1865. Jirani zetu Kenya walikuwa wakiwaweka watu hawa ndani "kwa ridhaa ya Rais", bila tarehe ya kutoka, mpaka baadhi ya majaji wa Mahakama Kuu wakasema inavunja katiba. Mjanja gani atachagua kifungo kisicho na mwisho?

Tena hawa si wachache. Mwaka 2012 watafiti Seena Fazel na Katharina Seewald walikusanya tafiti za wafungwa zaidi ya 33,000 katika nchi 24. Takriban mmoja kati ya kila saba alikuwa na wazimu wa kweli au sonona kali. Mmoja kati ya saba! Darasa la watu 70, hao ni kumi.

Mwenye duka naye ana haki yake, siikatai. Kavunjiwa mali, anastahili kulipwa na kulindwa. Lakini mgonjwa akitoka kama alivyoingia, vioo vitavunjwa tena. Kumtibu ndiyo kumlinda mwenye duka.

Ninachotaka si kikubwa. Polisi wafundishwe kumtambua mgonjwa tangu kituoni. Kila mwanafunzi mpya wa Chuo cha Mafunzo apimwe akili kama anavyopimwa mwili. Na akionekana mgonjwa, apelekwe Kidongo Chekundu bila kungoja apige mtu.

Na sisi wenyewe je? Bara wanataniana kwa Mirembe, sisi kwa Kidongo Chekundu. "Wewe wa Kidongo Chekundu wewe!" Tunacheka. Halafu tunashangaa familia inamficha mgonjwa chumbani, inazunguka kwa waganga mpaka siku anapovunja kitu, na daktari wa kwanza anayekutana naye anakuwa ni askari. Asomewe dua, sawa, na dawa ameze. Sisi tutakaokuwa walimu tutawaona mwanzo kuliko hakimu yeyote, kwa sababu maradhi haya mengi huanza ujanani, madarasani mwetu. Tukimwita mtoto kichaa badala ya kumwita mzazi wake, kesi tumeifungua sisi.

Haya, nimemaliza. Anayepinga aje na hoja, matusi ayaache Darajani. Kesho kipindi saa mbili, naenda kulala.